Kozi Elfu Sita wa Mama Idriss

Madame Kapya alikuwa amefundisha darasa la nne pale Katuba kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuna mzazi aliyemlaumu kwa kuongeza wala kupunguza alama ya mtoto. Mtoto aliyepata nne juu ya kumi alipewa nne, hata kama baba yake ndiye mwenye duka ambalo Madame alikopa sukari. Ndivyo alivyolelewa. Baba yake alitoka Kabalo, kaskazini mwa Katanga, akaja kufanya kazi ya reli, na kazi yake ilikuwa kuangalia saa na kuandika: treni imepita saa fulani, mabehewa kadhaa, basi. Mzee yule alikuwa akisema kwamba kitabu cha stesheni hakina huruma kwa mtu, na ndiyo sababu watu hawagongani njiani.

Kazi ya ndege ilimjia akiwa mtu mzima tayari, ana miaka arobaini na saba. Kijana mmoja aitwaye Osée, aliyesomea mambo ya wanyama, alikuja shuleni kuzungumza na walimu. Akaeleza kwamba kila mwaka, mvua zinapoelekea kukatika, tangu Februari hadi katikati ya Aprili, ndege walao nyama hupita kwa maelfu juu ya Lubumbashi wakirudi kaskazini. Kuna tai, kuna mwewe, na zaidi ya wote kuna kozi wadogo wa miguu myekundu, ambao huja huku kusini kukimbia baridi ya kwao, kisha hurudi kutaga mayai mbali sana, Uchina na Siberia, kule joto linapoanza. Chama chake kilitafuta watu wa kujitolea, wa kusimama mahali pamoja kila siku na kuwahesabu. Malipo hakuna.

Walimu wenzake walicheka. Kusimama juani bure kuhesabu mwewe, wale wale wezi wa vifaranga? Kapya hakucheka. Jioni ile alivuka barabara mbili mpaka kwa rafiki yake Djamila na kumsimulia habari yote, mpaka Djamila akaweka mkasi chini.

Djamila alikuwa fundi wa cherehani. Watu wa kwao walitoka Kasongo, Maniema, Waislamu wa tangu mababu, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Idriss. Yeye na Kapya walijuana hospitali, walipozaa wiki moja, vitanda vyao vikigusana: huyu kamzaa Idriss, yule kamzaa binti yake Mapalo. Maziwa ya mmoja yalipochelewa kutoka, mwenzake alinyonyesha wote wawili. Tangu siku ile kila mmoja alikuwa na ufunguo wa nyumba ya mwenzake.

"Ndege?" Djamila alisema. "Na wewe na mi, tutasimama tunaangalia juu kama bazimu?"

"Tutasimama."

"Bon. We uko na batoto asubuhi. Mi nachukua asubuhi, we unachukua mchana."

Wakachagua kichuguu kimoja kikubwa nje ya Katuba, kuelekea mto Kafubu, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Kilikuwa kirefu kuliko nyumba, kimeota miti ubavuni, na juu kilikuwa bapa. Walikata ngazi kwa jembe, wakapandisha matofali wakatengeneza benchi. Kutoka pale uliona anga yote, kuanzia mabomba ya viwanda vya mji upande mmoja mpaka mashamba ya mahindi upande wa pili. Osée aliwafundisha jinsi ya kuhesabu kundi kubwa: unakata kumi kwa macho, unapima kumi hiyo juu ya wengine, kama mwanamke anayepima unga kwa kikombe. Akawapa darubini kuukuu na kaye, daftari la mistari.

Utaratibu ulikuwa huu. Djamila alihesabu kuanzia saa mbili mpaka saa sita, akarudi nyumbani. Kapya alipotoka shuleni alipitia kwake, akachukua kaye na darubini, akasoma asubuhi imekuwaje, kisha akaenda kichuguuni mpaka jua lizame. Jumamosi walikwenda pamoja kutwa nzima. Jumapili walipumzika.

Hizo Jumamosi Kapya alizipenda kuliko siku zote za mwaka. Walibeba muhogo wa kuchoma na karanga, wakagombana kama yule ni tai au mwewe, wakacheka mambo ya zamani. Kitu kimoja tu kilimshangaza, na kwa muda mrefu alikifanyia mzaha. Jumamosi ndege walikuwa wachache. Jumanne asubuhi Djamila ameandika mia mbili, Jumatano mia tatu, Jumamosi wanakaa wawili asubuhi nzima wanapata kumi na saba.

"Bananiogopa miye," Kapya alisema. "Banajua iko mwalimu, atabauliza masomo."

Djamila alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha kichwa.

Ukaja mwaka wa sita wa kuhesabu kwao. Februari ya mwaka ule mama yake Kapya alifariki. Alikuwa bibi mzee, ameugua muda, watu walisema amepumzika. Lakini Kapya alikuwa mtoto wake wa mwisho, na msiba ulimkaa mwilini kama homa isiyopanda wala kushuka. Alifundisha, alikwenda kichuguuni, alirudi, na hakujua amekula nini. Anga nayo ilikuwa tupu. Mchana baada ya mchana aliandika: kozi wawili. Kozi sifuri. Mwewe mmoja.

Machi tarehe ishirini na moja, alipitia kwa Djamila kama kawaida. Rafiki yake alimngojea mlangoni, kaye mkononi imefunguliwa.

"Soma," alimwambia. "Soma kwanza, mi sisemi kitu."

Ilikuwa imeandikwa kwa wino wa buluu, namba zikiwa zimekolezwa: kozi wa miguu myekundu, elfu sita mia moja na arobaini.

Kapya alishika mlango. Djamila akamsimulia jinsi walivyotokea upande wa Kafubu kama moshi wa jikoni, wakazunguka juu ya mahindi wakipandishwa na hewa moto, wakapita juu ya kichwa chake kwa saa nzima na nusu, wadogo, wengi, kimya, mpaka shingo yake ikakakamaa.

"Juu ya nini hukuniita? Ningekuya na batoto bote!"

"Simu ilikuwa imekufa batteri."

"Na mvua? Ku masomo, pale shule, ilinyesha asubuhi yote."

"Mvua ya Katuba! Kule haikuanguka hata tone."

Hilo Kapya aliliamini mara moja, kwa kuwa kila mtu wa Lubumbashi anajua mvua inaweza kulowesha ukuta mmoja wa nyumba na kuacha wa pili mkavu. Akaketi kizingitini pale pale, akalia. Tangu mazishi alikuwa hajalia namna ile. Siku ya pili yake akaenda makaburini, akasimama mbele ya msalaba mpya wa mama yake, akamwambia habari za wale kozi elfu sita, neno kwa neno kama alivyosimuliwa. Alirudi nyumbani akapika, akala, na akajua anakula.

Siku ile iliwapa jina. Osée aliwaita mjini, akawapiga picha, akaandika habari ndefu. Wageni walikuja kukiona kichuguu. Parokia ilimwalika Kapya azungumze na vijana, naye akasimama ukumbini akaeleza kozi walivyotokea kama moshi wa jikoni, ingawa hakuwaona. Chama kikawapa zawadi ya darubini mpya, nzuri kabisa, moja kwa wote wawili. Djamila hakukubali hata kuishika. "Ni ya kwako," alisema, akiikataa kwa mikono miwili. "Iko ya Madame." Kapya aliona huo ni ukarimu.

Yote hayo yalikaa mahali pake mpaka mwaka huu, mwaka wa nane, mwezi wa Machi.

Dhoruba ilipiga Katuba usiku wa Jumapili ikaezua mabati ya madarasa mawili. Jumatatu asubuhi mkurugenzi wa shule aliwarudisha watoto makwao mpaka fundi apatikane. Kapya alisimama uwanjani na chaki zake ndani ya mkoba, na mara akafurahi kama mtoto. Ilikuwa Ramadhani. Djamila alikuwa kichuguuni na funga yake, juani, bila tone la maji. Kila mwaka Ramadhani ilipoangukia msimu wa ndege, Kapya alimsihi abaki nyumbani, naye kila mara alijibu kwamba amezoea. Kapya aliwahi hata kuwaambia mapadri: mnataka kujua kujitolea ni nini? Nendeni mkamwone Mama Idriss. Basi leo, akawaza, nitamkuta pale pale, nimshikie mwavuli.

Akachukua mwavuli wake mkubwa, akaenda.

Alipofika chini ya kichuguu aliita. Hakujibiwa. Akaanza kupanda, na hapo akaona ngazi. Mvua ya usiku ilikuwa imezilainisha zote, udongo mwekundu umelala kama ukuta uliopakwa upya, na hakukuwa na alama ya mguu. Juu, utando wa buibui ulikuwa umefungwa kutoka tofali la benchi mpaka tawi, na matone bado yananing'inia. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi.

Alijiambia Djamila amechelewa. Akaketi upande mmoja wa benchi, akauacha utando mzima. Kwa mazoea akaanza kuhesabu. Saa nne. Saa tano. Saa tano na nusu. Walipita kozi kumi na wanne na mwewe wawili. Basi rafiki yangu anaumwa, akawaza sasa, akashuka mbio mbio, akakata njia ya mashambani kuelekea Katuba.

Djamila alikuwa barazani, mzima, anakunja vitambaa.

"Umewahi leo, Madame."

"Masomo yameezuliwa mabati." Kapya alikuwa akihema. Alitaka kusema neno la pili, lakini kaye ilikuwa juu ya meza, na jicho lake lilishaifikia. Tarehe ya leo. Kozi mia mbili na kumi na wawili. Mwewe thelathini na mmoja. Tai watatu.

"Asubuhi ilikuwa namna gani?" aliuliza. Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

"Jua kali, mama! Lakini balipita mingi."

"Ulikaa wapi?"

"Pale pale ku kichuguu. Wapi tena?" Djamila akamtazama, akatabasamu, akaendelea kukunja.

Kapya alichukua kaye na kuondoka. Hakwenda kichuguuni mchana ule. Kwa mara ya kwanza katika miaka minane aliacha ukurasa wake mweupe.

Kesho yake shule ilikuwa bado imefungwa. Saa tatu asubuhi alipita mtaa wa Djamila taratibu, upande wa pili wa barabara, kama mwizi. Alisikia cherehani kabla hajafika kwenye ua: tak-tak-tak-tak, inasimama, tak-tak-tak. Ng'ambo pale alikaa dada mmoja, Chancelvie, muuza makala, yaani makaa. Akamwona Madame amesimama, akamwonea huruma akidhani hajui kama mwenyeji yupo.

"Madame, unatafuta Mama Idriss? Ingia tu, iko ndani. Asubuhi hatokake. Ni saa ya kushona robe za bantu."

"Kila asubuhi?"

"Tangu mi nilihamiaka hapa. Miaka ine sasa. Hata bantu banajua, ukitaka nguo yako, kuya asubuhi."

Kapya alimshukuru. Akarudi nyumbani, akafunga mlango, akatoa kaye zote nane kutoka kabatini na kuzipanga sakafuni.

Alikuwa amesahihisha madaftari ya watoto maisha yake yote. Alijua mtoto aliyenakili anaandikaje. Lakini kurasa hizi hakuwahi kuzisahihisha. Alizisoma tu, kama mtu anavyosoma barua ya ndugu. Sasa alizisoma kwa kalamu nyekundu mkononi. Mwaka wa kwanza, asubuhi za Djamila zilikuwa na sifuri tele, na maneno pembeni: ukungu, hakuna kitu, nimesinzia kidogo, pardon. Mwaka wa pili vile vile. Katikati ya mwaka wa tatu sifuri zikakatika. Kuanzia hapo hakukuwa na asubuhi hata moja tupu mpaka leo, isipokuwa Jumamosi. Na maneno ya pembeni yakaisha. Mtu asiyekuwapo hana la kueleza.

Alibakiza ile siku ya elfu sita. Aliizunguka, akaacha, akairudia. Mwishoni akatoa jurnali yake ya darasa ya mwaka ule, ile ambayo mwalimu huandika kila saa ya kazi, akatafuta Machi tarehe ishirini na moja. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe: Saa nne, mazoezi ya mwili, hayakufanyika, mvua kubwa. Saa tano, mvua bado. Dakika arobaini kwa miguu. Labda kule haikunyesha, alijiambia. Labda ile siku moja alikwenda. Aliishika 'labda' ile kama mtu anayeshika nguo yake iliyonasa kwenye msumari.

Siku ya tatu, alasiri, alikwenda. Djamila alikuwa peke yake, anamalizia kanzu ya mtu kwa ajili ya Idi.

"Mama Idriss," Kapya alisema akiwa bado amesimama, "juzi nilikuwa ku kichuguu. Saa tatu mpaka saa tano na nusu."

Mguu wa Djamila ukatoka kwenye cherehani. Gurudumu likazunguka kidogo lenyewe, likasimama. Akaitazama sindano.

"Kumbe," alisema.

"Tangu lini?"

"Kaa, Kapya."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu. Unakumbuka Idriss alifanyiwa operesheni ya tumbo? Nililala naye ku lopitali wiki moja. Kisha ukakuya kuchukua kaye, nikaona haya kukuonyesha ukurasa mweupe. Nikaandika kidogo. Nikasema, wiki hii tu. Kisha Osée akatuma message: bravo ba mama, wiki nzuri sana. Ile wiki yenyewe! Nikaona, ah. Bakati nilikuwaka kule na jua kwa kweli hakuna aliyeniambiaka bravo." Akakata uzi uliokuwa ukining'inia kwenye kanzu. "Na peke yangu kule, asubuhi, hakuna muntu wa kusema naye. Nilichoka. Mi sikuwa napenda ndege, Kapya. Nilipenda kwenda na wewe."

"Ungesema."

"Ungehuzunika."

"Na Ramadhani? Nilikuwa nakuomba ubaki nyumbani, utaanguka na jua. Ukaniambia umezoea. Nilikusifu mbele ya bapadri!" Akapiga hatua moja kuelekea cherehani. "Unafunga chakula, Djamila, na uwongo unakula."

Ilikuwa miaka mingi hajamwita kwa jina lake. Djamila aliinamisha kichwa.

"Na ile siku?" Kapya aliuliza.

Hakuhitaji kusema siku gani. Djamila alishika kanzu ile mapajani, akaanza kuinyoosha kwa kiganja, akiinyoosha mahali palipokwisha kunyooka.

"Mama yako alikuwa amekufa," alisema. "Ulikuwa unapita hapa kama muntu anayebebwa na upepo. Sikujua nifanye nini. Nilikuletea chakula, ukarudisha. Nilikuletea maneno, hukusikia. Na kaye yako ilikuwa sifuri, sifuri, mbili. Ile asubuhi mvua inanyesha, nimekaa hapa hapa, nikasema acha nimupe kitu. Nilikuwa na kalamu tu. Ndiyo ile nikakupa."

"Ulisema balitoka kama moshi wa jikoni."

"Nilikuwa naangalia moshi wa jikoni."

Kapya alicheka, kicheko kifupi kibaya, kisha uso wake ukavunjika.

"Nilienda ku kaburi," alisema. "Nilimwambia mama. Nilisimama pale nikamwambia mama yangu uwongo wako, na hawezi kunisikia tena nikienda kumwambia si kweli."

"Kapya..."

"Ungenipa sifuri. Sifuri yako ningeichukua. Ungesema tu, ndugu yangu, hakuna kitu mu anga, twende tulie. Ningelia na wewe." Akafuta uso kwa mkono. "Chancelvie anajua. Muuza makala anajua mahali uko asubuhi, bantu ba nguo banajua, mtaa muzima unajua. Mi peke yangu ndiye nilikuwa napita hapa kila siku, nasoma, nafurahi. Walikuwa wananiangalia namna gani?"

Kutoka nyumba ya jirani harufu ya uji wa kufuturia ilianza kuja. Kapya alitoa ufunguo wa mlango ule kwenye fungu lake, ikamchukua muda kwa kuwa pete ilikuwa imekaza kwa miaka, akauweka kando ya cherehani, akatoka.

Alhamisi alipanda basi kwenda mjini, ofisi ya chama. Alibeba barua ya kurasa tatu. Ndani yake aliorodhesha kila asubuhi, tangu mwaka wa tatu, ambayo hakuna mtu aliyekuwa kichuguuni, na juu kabisa aliweka Machi tarehe ishirini na moja. Hakuandika tusi hata moja. Aliandika kama baba yake alivyoandika treni.

Osée, ambaye sasa alikuwa na meza kubwa na kitambi kidogo, alisoma ukurasa wa kwanza. Hakuonyesha mshangao, na hilo ndilo lililomtisha Kapya.

"Madame," alisema, "mi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ile siku. Wahesabu wetu wa kituo cha Kasomeno, njia ile ile ya ndege, waliandika kozi wane, na mvua. Nilijua mwaka ule ule. Asubuhi zingine pia nilikuwa na shaka."

Kapya alimtazama. Huyu ndiye kijana aliyekuja shuleni akiwa mwembamba, ana suruali moja.

"Na ukatupiga picha."

"Ile namba ilikuwa imeshatumwa. Ilitoka mu rapporti, wageni wamesoma, wamekuja juu yake. Nikiifuta sasa, chama chote kinaonekana cha bongo, cha waongo. Hata kazi yako ya kweli, michana yako yote, inaenda na maji. Nimekulinda pia, Madame."

"Ulinitazama nasimama mu ukumbi wa parokia nadanganya batoto ba bantu. Ulikaa mstari wa mbele. Ulipiga makofi."

"Hukuwa unadanganya. Hukujua."

"We ulijua."

Akatoa darubini shingoni, ile mpya, akaiweka juu ya kurasa za barua. Osée alisema darubini ni yake, asiirudishe, ni zawadi. Kapya akamjibu kwamba zawadi ile ilitolewa kwa siku ambayo haikuwako. Akaomba amwandikie kwamba ameipokea barua. Osée akaandika, akapiga muhuri, akamsindikiza mpaka ngazini akimwita mama.

Baada ya siku kumi ulikuja ujumbe kwenye simu. Chama kinamshukuru Madame Kapya kwa mchango wake mkubwa. Kwa sababu za utaratibu, kituo cha Kafubu kitapewa timu mpya mwaka ujao. Barua yake haikutajwa. Wiki ile ile mwalimu mwenzake alimwonyesha karatasi ya chama iliyotoka karibuni, na chini ya picha ya kichuguu kulikuwa na namba ile ile, elfu sita mia moja na arobaini, na majina ya wanawake wawili.

Alikwenda kuungama Jumamosi, ingawa hakuwa na uhakika anaungama nini. Padri alimwambia asamehe. Alisema atajaribu. Njiani kurudi aliona kwamba kumsamehe Osée kungekuwa rahisi, kwa vile hakuwahi kumpenda.

Msimu ulikuwa haujaisha. Alinunua kaye yake, akaendelea kwenda mchana, kwa macho matupu. Juu ya kila ukurasa, mahali pa asubuhi, aliandika: Hakuna aliyeangalia.

Siku ya Idi Djamila alikuja mwenyewe, amevaa kitenge kipya, na bakuli la pilau limefunikwa kwa kitambaa alichokitarizi. Miaka yote Idi ilikuwa hivyo, na Noeli ilikwenda upande wa pili. Walisimama uani. Kapya alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akasema Idi njema, akamwuliza Idriss hajambo. Djamila akasema hajambo. Hakuna aliyemkaribisha mwenzake kwenye kiti.

"Banapita bado?" Djamila aliuliza kwa sauti ndogo.

"Banapita."

"Naweza kuya Jumamosi. Kukaa tu. Sitaandika."

Kapya alitazama mikono yake iliyoshika bakuli la moto. Alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Kisha akajiona juu ya benchi, Djamila kando yake anaonyesha kidole juu, anasema, wale kule! na yeye anageuka kwanza kutazama uso wa Djamila.

"Hapana," alisema. "Bado."

Pilau aliila. Ilikuwa nzuri kama ya kila mwaka, na hilo lilimwumiza. Kesho yake aliliosha bakuli, akalikausha, akasimama jikoni muda mrefu. Kwao na kwa akina Djamila, bakuli la jirani halirudi tupu. Unatia mayai, unatia karanga, hata chumvi. Karanga zilikuwako. Alilichukua bakuli vile vile lilivyo, akavuka barabara mbili. Djamila alilipokea, akafunua kitambaa, akaona. Akasema aksanti, akaingia ndani.

Kapya alipita moja kwa moja kwenda kichuguuni. Saa kumi na nusu hivi walitokea kozi kutoka upande wa mahindi, kundi moja limesambaa, wanazunguka polepole wakipanda. Alikata kumi kwa macho, akapima. Sitini na watatu. Zamani angeandika na kwisha. Sasa hakujiamini, akarudia kuanzia kwa wa mwisho, haraka, kabla hawajapita mabomba ya viwanda, akapata sitini na mmoja. Wakaenda. Akatafuta kalamu, akaandika namba zote mbili.